Aliyegonga Bomba

Tundu la risasi kwenye ukuta wa baa ya akina Hruska lilitobolewa mwaka 1953, kwa drili, na baba yake Hruska huyu wa sasa, na mji wetu wote wa Larkin unajua. Wageni hulipiga picha. Hutia kidole ndani, kisha wakageuka kuwatazama wake zao kwa macho makubwa. Kitanzi kinachoning'inia mbele ya jela ya zamani hakijawahi kumkaba mtu. Kilinunuliwa duka la vifaa vya farasi, na kila baada ya miaka michache hubadilishwa kwa sababu theluji hukiozesha. Na yule mwanamke wa gauni jekundu aliyekaa dirishani juu ya duka la aiskrimu, mwenye bango linalosema aliwavunja mioyo wachimbaji mia mbili, alikuwa sanamu ya kuonyeshea nguo katika duka la harusi kule Helena. Hatuoni haya. Madini ya fedha yalipokwisha milimani tulibaki na vitu viwili, baridi na hadithi, na baridi haina mnunuzi.

Kwa hiyo Nadine Trembath alipoanza kuitia chumvi hadithi ya mgodi, hakuna aliyemnyooshea kidole. Nalisema hili mapema ili asije mtu akamlaumu peke yake.

Nadine alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mrefu, mwenye mabega ya baba yake na sauti ya kuitia ng'ombe. Tangu mgodi wa Ellen ufunguliwe kwa wageni mwaka 1982, yeye ndiye aliyewaongoza, mara nne kwa siku, kuanzia Mei hadi majani ya miti yanapogeuka manjano. Aliwavisha kofia ngumu, akawaonya warefu wainame, akawapeleka mita mia nne ndani ya mlima, mpaka kwenye ukuta wa zege ambapo handaki linakomea. Kuna bomba la chuma pale, lililokuwa likipeleka hewa ya kuendeshea mashine za kuchimbia. Linapita ubavuni mwa handaki, linaingia kwenye zege, halionekani tena. Nyuma ya zege hiyo yuko Royce, kaka yake.

Hiyo si chumvi. Royce Trembath alikuwa na miaka ishirini na moja dari lilipoporomoka, Jumatatu moja ya Februari mwaka 1966. Alikuwa peke yake kule mbele, akimngoja mwenzake alete mbao za kuegemeza. Kikosi cha uokoaji kilichimba siku mbili, na dari nalo likizidi kushuka, hata Jumatano mchana kampuni ikampelekea mama yake, Orpha, karatasi ya kukubali kazi isimame na handaki lizibwe. Orpha alikuwa mjane tayari. Vumbi la mgodi lilikuwa limeyamaliza mapafu ya mumewe miaka mitatu nyuma. Kabla ya kushika kalamu alimgeukia kiongozi wa kikosi, Wendell Skoog, akarudia swali aliloliuliza tangu siku ya kwanza: je, amegonga?

Maana kwetu ndiyo ilivyo. Mtu akifukiwa na pumzi ingali kifuani, hugonga. Hugonga bomba, reli, mwamba, chochote kinachobeba sauti. Waokoaji nao kila baada ya robo saa huacha kuchimba, wakabana midomo, wakaweka masikio kwenye chuma. Kugonga ndiko kuishi. Asiyegonga ameshakwenda.

Wendell alivua kofia. "Hajagonga, Mama Royce. Alikwenda palepale. Hata hakujua kilichompata."

Orpha akatia sahihi. Kisha akaishi miaka thelathini na miwili kwa maneno hayo. Sisemi aliishi vizuri, nasema aliishi. Ungemkuta anamenya viazi au anapiga pasi, na midomo inatembea: hakujua kilichompata, hakujua kilichompata. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wake ulikuwa umepata mahali pa kuegemea.

Nadine alikuwa na miaka kumi na mitano wakati huo. Miaka mitatu baadaye alipata nafasi ya kwenda Missoula kusomea ualimu. Sanduku likafungwa, na asubuhi ya safari akamkuta mama yake ameketi jikoni amevaa koti, kana kwamba ni yeye anayeondoka.

"Nenda, mwanangu, nenda," Orpha alimwambia. "Mimi nitakuwa mzima tu."

Nadine akarudi chumbani akafungua sanduku. Aliolewa na fundi wa magari aitwaye Lyle, mtu mwema mwenye kiu isiyokatika, wakaachana bila kelele. Watoto hawakujaliwa. Kisha mgodi ukafungwa, halmashauri ikatafuta mtu wa kuwatembeza wageni, na watu wakashangaa kumwona Nadine wa kwanza mlangoni. Alisema anapenda kazi ya kuongea. Ukweli ni kwamba hakuwa na kaburi la kwenda, na pale ukutani angalau alimfikia kaka yake mara nne kwa siku.

Miaka ya mwanzo alisimulia mambo kama yalivyokuwa. Alitaja jina, umri, siku, idadi ya waokoaji. Wageni walisikiliza wamevua kofia, wengine wakafuta machozi. Lakini wageni nao hubadilika. Mji wa jirani ukafungua madimbwi ya maji moto yenye mteremko wa kuteleza, mabasi yakawa yanatupita. Mwaka 1994 halmashauri ikasema majira mengine mabaya kama haya na lango la handaki litachomelewa chuma. Nadine aliposikia hivyo alikwenda choo cha ofisi akakaa humo muda mrefu.

Wiki ileile ya Julai akapata kundi la watoto wa kambi ya kanisa. Kila mgodi wa wageni una dakika yake ya giza: kiongozi huzima taa ili watu waone giza la kweli linafananaje. Nadine akazima. Gizani akasikia mtoto anatafuna ubani, na mwingine anasema kwa sauti ya kuchoka, "Sasa hapa kuna nini?"

Kuna kaka yangu hapa, mshenzi wewe, alisema Nadine moyoni. Mkono wake ukakuta nyundo ya maonyesho. Akagonga bomba: mbili, akanyamaza kidogo, kisha tatu za harakaharaka. Hakuuchagua mpigo ule. Ndivyo Royce alivyokuwa akiugonga mlango wa jikoni kwa ncha ya buti akitoka zamu, mikono imejaa ndoo ya chakula na kuni.

"Mnamsikia?" akawaambia. "Bado anagonga."

Watoto walipiga mayowe mpaka vumbi likadondoka darini. Walitoka mbio, wakacheka, wakanunua kila kitu kilichokuwa na picha ya mgodi. Juma lililofuata yakaja mabasi mawili, na watu wakauliza dirishani, "Hapa ndipo penye mzimu?" Kufika Septemba kulikuwa na bango barabara kuu: MZIMU WA ELLEN, BADO ANAGONGA. Fulana zikafuata.

Siku za kwanza Nadine alitapika. Baadaye akazoea, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna zaidi, kwamba alizoea. Tena kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Gizani, sauti ya nyundo ikiwa bado inatembea ndani ya chuma, kwa kitambo kifupi sana yeye mwenyewe aliamini. Alikuwa akiingoja dakika ile kuliko wageni.

Mama yake hakujua lolote. Nyonga za Orpha zilikuwa mbovu, Mtaa wa Mlimani, unaopanda hadi mgodini, alikuwa hajaupanda miaka mingi, na Larkin inajua kufunga mdomo. Mtaona kwamba inajua kupita kiasi. Wendell Skoog alijua kuna mzimu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeketi dirishani kuuza tiketi, mzee wa miaka sabini na sita sasa, mwenye masikio makubwa na fulana ya sufu hata wakati wa joto. Ila ndani ya handaki alikuwa hajatia mguu tangu 1966. Alisingizia magoti.

"We Nadine," alimwambia kila alipoona fulana mpya, "waache wafu walale."

"Mzee Wendell, wewe uza tiketi. Wafu niachie mimi."

"Ulimi huo umeurithi kwa bibi yako wa Cornwall. Naye alikufa hana rafiki."

"Alikufa na miaka tisini na sita. Marafiki aliwazika yeye."

Basi wakaendelea hivyo, wakitaniana mlangoni pa kaburi kwa miaka minne. Agosti ya 1998 wakaja watu wa televisheni ya jimbo, kijana mwenye kamera na binti mwenye tabasamu la meno yote. Wakapiga picha tundu la risasi, kitanzi, mwanamke wa dirishani, wakaingia mgodini. Nadine akawauliza kipindi kitaonyeshwa lini. Binti akasema labda Oktoba. Nadine akapanga kwamba siku hiyo atamtembeza mama yake kwa gari, mbali na televisheni yoyote.

Kipindi kilionyeshwa Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja jioni.

Wendell alikuwepo nyumbani kwa Orpha, kama kila Jumapili tangu msiba. Alimletea kuni, akamzibia bomba linalovuja, na Orpha akamlisha pai za nyama, viazi na tanipu, zile ambazo wazee wetu walibeba mfukoni kwenda nazo shimoni. Watu walikuwa wamekwisha kuacha kuwasengenya. Televisheni ilikuwa imewashwa kwa ajili ya taarifa ya hali ya hewa. Nadine alikuwa jikoni anachemsha maji aliposikia sauti ya mwanamke sebuleni ikisema, "Tazameni, sasa nitazima taa," na ikamchukua muda kutambua kwamba sauti ni yake.

Alikimbia. Alifika kioo kimeshakuwa cheusi. Kutoka kwenye weusi ule zikaja: mbili, kimya, tatu.

Orpha alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Huyo ni wewe?"

"Mama, ni mchezo tu wa wageni. Wanapenda kuogopa. Nilitaka kukwambia..."

"Hivyo ndivyo Royce alivyogonga mlango wangu."

"Najua, Mama."

"Mlango wangu, Nadine. Kwa buti zake, anaharibu rangi, namfokea kila siku." Sauti ilikuwa inapanda taratibu. "Umemchukua kaka yako ukamuuza? Ukamuuza kwa watu wenye kaptula?"

Sahani ya Wendell ilikuwa imeanguka. Mzee alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa umekwisha damu.

"Nani kakwambia?" alimwuliza Nadine. "Ni Gus? Gus kakwambia kabla hajafa? Tuliapa sisi waokoaji sote sita. Nani kakwambia kwamba aligonga hivyo?"

Wahenga husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nadine alikuwa amelisema miaka minne akidhani halipo. Kwenye televisheni mtu alianza kueleza mvua itakavyonyesha magharibi ya jimbo. Orpha akaizima.

"Keti, Wendell," akasema.

Wendell akaketi. Yaliyofuata aliyasema akitazama vipande vya sahani.

Mwaka 1911, alisema, katika mgodi huohuo, mtu alisikika akigonga na habari ikatoka nje. Wake na mama wakavunja uzio wakaingia kuchimba kwa mikono, dari likawaua wawili wao. Tangu siku hiyo kikosi kikawa na sheria yake: kinachosikika chini hakisemwi juu mpaka mtu mwenyewe atoke. Ukiulizwa, umesikia kimya. Kila mwokoaji aliapishwa hivyo, baba kwa mwana, na hakuna mwanamke wa Larkin aliyewahi kuambiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

"Jumatatu uliponiuliza pale langoni, nikajibu kwa sheria," alisema Wendell. "Nilijua kesho yake nitamtoa. Nilishapanga, Mama Royce. Nimshike mkono nikuletee, unitukane mbele ya watu kwa kukudanganya, na mimi nicheke. Jumanne tukafika karibu, dari likashuka tena. Jumatano... Ningeanzia wapi? Niseme nilikudanganya, kisha niseme na kumtoa nimeshindwa? Nikaona bora ubaki na lile la kwanza."

"Aligonga siku ngapi?"

"Mpaka Jumatano alfajiri."

"Siku mbili."

"Ndiyo."

"Aligonga vipi?"

Wendell akatazama mlango wa jikoni, akatazama mikono yake. "Hivyohivyo. Mbili, halafu tatu. Sisi tulimjibu mojamoja, ajue tupo. Yeye anarudia ileile. Kuna waliosema labda kashachanganyikiwa."

"Hakuchanganyikiwa," alisema Orpha. "Alikuwa anabisha hodi."

Hapo Nadine alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akataka kumshika. Orpha akainua kiganja kimoja, si kwa hasira, kama mtu anayezuia gari ili avuke barabara. Alikuwa na swali jingine.

"Alinyamaza kabla sijatia sahihi?"

"Kabla. Saa nyingi kabla. Naapa kwa jina la..."

"Hata siku ile ulivua kofia, Wendell. Ukanitazama machoni." Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliommaliza mzee. "Miaka thelathini na miwili umenidanganya, kila Jumapili unakula pai zangu. Leo nikuamini kwa lipi?"

Wendell alikuwa akisema kweli. Mimi nimewauliza wengine na wote wanasema Jumatano alfajiri. Lakini kweli yake haikuwa na pa kusimama. Akaokota vipande vya sahani kimoja kimoja, akaviweka mezani, akaenda zake. Kofia aliisahau.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Nadine ilikuwa ndefu, ikamfikisha kwenye ukweli, na ukweli huo akaukuta umemsubiri mama yake, si yeye. Siku kumi na moja Orpha hakumsemesha. Nadine alimpelekea supu, akaipokea. Alimfulia, akamwachia afue. Alipoomba, "Mama, nitukane basi, nipige, sema lolote," Orpha aliosha kijiko kilichokuwa kisafi.

Siku ya tano tu alisema kitu, akiwa amempa kisogo.

"Lile bango bado liko barabarani?"

"Lipo, Mama."

"Linasema bado anagonga."

"Ndiyo."

"Basi wageni wamejua kabla yangu."

Nadine alitoka akaketi kwenye gari akalia mpaka kioo kikafanya ukungu. Alimlilia mama yake, akamlilia Royce, akajililia na yeye mwenyewe, yule msichana aliyelifungua tena sanduku. Siku mbili kaka yake alikuwa hai gizani, akifanya kile alichokifanya kila jioni akiwa na njaa, akitumaini kwamba atakayesikia ni mtu wa nyumbani. Nao wa nyumbani walikuwa nje ya uzio, hatua mia nne, wameambiwa kuna kimya. Halafu miaka ikapita, na wa kwanza kumjibu kwa mpigo wake mwenyewe akawa dada yake, kwa ajili ya mtoto anayetafuna ubani. Alikumbuka vicheko vya gizani, mabasi yote yale, miaka minne. Akatamani kuwa mtu mwingine.

Kesho yake akaenda halmashauri akataka bango liondolewe. Mwenyekiti, aliyesoma naye darasa moja, alimsikiliza vizuri, akampa na kitambaa cha kufutia pua. Kisha akamwambia, "Nadine, dada yangu, huyo mzimu si wako tena. Ni wa mji."

"Ana jina."

"Najua ana jina. Liweke kwenye bango kama unataka."

Ijumaa ya juma lililofuata, ziara ya saa nne asubuhi, watu ishirini na wawili walipanga foleni mbele ya dirisha. Wa mwisho alikuwa Orpha. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, la buluu, na ameegemea fimbo. Hadi leo hatujajua alipandaje Mtaa wa Mlimani. Wendell alipomwona alisahau kumrudishia chenji mtu wa mbele.

"Mama Royce, nenda nyumbani. Kule ndani kuna baridi."

"Nipe tiketi."

"Wewe sikuuzii tiketi."

"Mimi mgeni, Wendell. Sijawahi kuingia humo. Nipe tiketi kama unavyowapa wageni."

Akampa. Kisha akafunga dirisha, akachukua kofia ngumu ukutani, akaivaa, akasimama nyuma kabisa ya msururu. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka kweli safari hii.

Nadine aliona yote. Aliwahesabu watu, akawaonya warefu, akatangulia. Nyuma yake alisikia mwanamume mmoja wa kaptula akisema, "Nishike mkono, bibi," na fimbo ikigonga mawe, polepole, mita mia nne. Alitamani handaki lisifike mwisho. Likafika.

Alisimama mbele ya zege akasimulia kama alivyokuwa akisimulia zamani, kabla ya 1994. Alitaja Royce Trembath, miaka ishirini na moja. Alitaja Jumatatu na waokoaji sita. Kisha akaongeza ambalo hakuwahi kulisimulia, kwa kuwa hakulijua: kwamba aligonga siku mbili, na walio nje hawakuambiwa. Sauti yake ya kuitia ng'ombe ilikuwa imekwisha kabisa, watu wa nyuma wakaomba aseme kwa nguvu.

Akazima taa, kwa sababu ndivyo ziara inavyokwenda na mikono yake haikujua njia nyingine.

Hakugonga. Giza likakaa. Watu walianza kujikohoza, kubadilisha miguu.

"Mzimu mwenyewe yuko wapi?" aliuliza mmoja, na wachache wakacheka.

"Nipe nyundo," alisema Orpha.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa binti yake tangu siku ya tano. Nadine alinyoosha nyundo gizani, akapapasa, akakuta vidole vya mama yake, vikavu, baridi kama chuma chenyewe. Vikaichukua. Kukasikika kitambaa cha koti kikikwaruza mwamba, mtu akitafuta bomba kwa kiganja. Kisha pigo moja tu. Likaenda ndani ya zege.

"Royce," alisema Orpha. "Ni mama. Waliniambia hukubisha, mwanangu. Waliniambia hukubisha."

Akaegemeza sikio kwenye bomba akasubiri. Hakuna aliyecheka sasa. Alisubiri muda mrefu, kama waokoaji wanavyosubiri, na watu ishirini na mmoja wasiomjua wakasubiri naye bila kujua wanasubiri nini. Maji yalidondoka mahali fulani. Hakuna kilichojibu, kwa kuwa hakukuwa na wa kujibu, na Nadine hatimaye akawasha taa kwa kuwa hakuweza kustahimili tena.

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa moyo wote, wengine wakapiga miluzi, wengine machozi yanawatoka. Mwanamume wa kaptula alivua kofia ngumu akamwinamia Orpha kama watu wanavyomwinamia mwigizaji. Wendell alikuwa amejikunja kando ya reli, ameficha uso kwenye mikono, na mtoto mmoja akamwuliza mama yake kama na yule babu ni sehemu ya mchezo. Nadine alitaka kuwapigia kelele wanyamaze. Alimtazama mama yake, akaona kwamba yeye hata hawaoni watu wale.

"Nishike, Nadine," alisema Orpha. "Hapa panateleza."

Nadine akamshika kiuno, wakatoka pamoja, taratibu, nyuma ya wote. Nje jua lilikuwa kali. Mwanamke mmoja aliyevaa fulana ya mzimu alikuwa amewangoja langoni, macho mekundu, akamshika Orpha mkono kwa mikono yake miwili.

"Bibi, umetutoa machozi sote," alisema. "Nina dada zangu wanakuja wiki ijayo, lazima wakuone. Unafanya hivi kila siku?"

"Hapana, mwanangu," Orpha alimjibu. "Ni leo tu. Nilichelewa."